Safu ya Ushauri: Mkulima anauliza bei, ukurasa wetu unamjibu kwa picha ya meza kuu

Washauri wetu, salaam.

Mimi ni afisa uhusiano wa chama kikuu cha ushirika kinachouza korosho za wakulima huku Mtwara. Jina la chama naomba libaki kwangu. Nina miaka 41 na kazi hii nimeifanya miaka 14. Taarifa kwa umma naiandika vizuri, waandishi wa habari wananijua kwa sauti, kipindi cha redio nakiongoza bila karatasi. Kinachonishinda ni mitandao ya kijamii. Nilikabidhiwa miaka mitatu iliyopita kwa kauli moja ya meneja: "Na hizo Facebook nazo ziangalie." Mafunzo hakuna, bajeti hakuna, simu ninayotumia ni yangu na bando ni langu.

Ukurasa wetu wa Facebook una wafuasi 4,100. Tukiweka picha za kikao cha bodi tunapata laiki tisa, na sita kati ya hizo ni za watumishi wenzangu. Instagram imelala kabisa. Kwenye komenti watu wanauliza bei ya mnada, wanauliza malipo, wanauliza magunia, nami nakaa kimya kwa sababu kila neno lazima lipite kwa meneja, na likitoka huko siku mbili zimeshapita.

Msimu uliopita yalinikuta. Saa kumi na mbili jioni ilianza kuzunguka WhatsApp picha ya karatasi yenye kichwa cha barua kama chetu, ikisema malipo ya mnada wa tatu yamesitishwa. Haikuwa yetu. Nikaandika kanusho, likapelekwa kusainiwa, likarudi kesho yake saa tisa alasiri. Kufikia hapo kuna wakulima wa vijiji viwili walishauza kwa kangomba, ule ununuzi wa korosho nje ya mnada, kwa bei ya kutupa. Nilipoliweka kanusho Facebook, komenti ya kwanza ikasema: "Mlikuwa wapi?"

Sasa meneja anataka wafuasi 50,000 kabla ya minada ya Oktoba. Ametaja pia kwamba yuko kijana wa TEHAMA anayeijua TikTok, huenda kazi akapewa yeye. Nimejiandikisha kozi moja ya mtandaoni, imejaa habari za kuuza viatu na vipodozi, sioni pa kuanzia. Nifanye nini niijue kazi hii kweli, nisiishie kujua kubonyeza? Na hilo la 50,000 nimjibuje mkubwa?

Niliyeachwa na Basi,
Mtwara Mikindani

*

Dada yetu,

Tuanze na lile kanusho, maana humo ndimo yalimo karibu yote unayotaka kujifunza. Usiku ule mambo manne yalikwenda kombo, na kuchelewa ni moja tu.

La pili ni mahali. Uvumi ulikuwa WhatsApp, jibu likawekwa Facebook. Mkulima wa Kitangari aliyetumiwa ile picha na mjomba wake hana haja ya kufungua ukurasa wenu kuhakiki. Anasubiri jibu lije kwa mlango uleule ulioleta habari. La tatu ni umbo. Karatasi ya uongo ilikuwa na nembo na muhuri, kanusho nalo likaja na nembo na muhuri. Kwenye kioo cha simu, maandishi ya karatasi ya A4 hayasomeki mpaka uyavute kwa vidole, na hata ukiyavuta huna namna ya kujua ipi imeghushiwa. La nne ni maneno. Makanusho mengi ya ofisi huanza hivi: "Kumekuwa na taarifa zinazosambaa kwamba malipo yamesitishwa…", na ukweli unakuja aya ya tatu. Msomaji wa haraka huondoka na mstari wa kwanza, yaani huondoka na uvumi, safari hii ukiwa umegongwa muhuri halali.

Geuza mpangilio. Mstari wa kwanza useme ukweli, wa pili utaje tarehe ya fedha, wa tatu ndio useme kwamba karatasi inayozunguka si yenu.

Halafu kangomba umeitaja kama jambo la kupita, na ndiyo kiini chenyewe. Uvumi wa malipo una mtu anayefaidika nao. Anayenunua korosho kijijini nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao korosho hupelekwa ghalani na kuuzwa kwa mnada, anahitaji usiku mmoja tu wa hofu. Alfajiri anapita na mizani. Uvumi ukizuka saa kumi na mbili jioni, jibu lako linatakiwa liwe limefika kijijini kabla watu hawajalala, tuseme saa tatu usiku. Hapo ndipo pa kupimia kasi yako.

Kasi hiyo haiji kwa kuchapa haraka. Inatokana na idhini iliyosainiwa mapema, mambo yakiwa shwari. Andika ukurasa mmoja, umpelekee meneja asaini. Ugawe madaraja matatu. Daraja la kwanza ni yale ambayo tayari yapo kwenye nyaraka iliyosainiwa: bei zilizotangazwa mnadani, ratiba, utaratibu wa magunia, namba ya simu ya ofisi. Hayo unayachapisha na kuyajibu mwenyewe bila kumuuliza mtu. Daraja la pili ni fedha na ucheleweshaji: unampigia mhasibu mkuu na meneja, na wasipopatikana ndani ya dakika 30 unatoa tamko la awali ambalo maneno yake yameshakubaliwa. La tatu ni vifo, wizi ghalani, kesi na siasa: hapo huandiki neno bila meneja na mwanasheria. Karatasi hiyo iwe na jina la kaimu kwa kila mkubwa. Mipango ya namna hii huvunjika kwa sababu moja ya kuchekesha: meneja yuko njiani, Nangurukuru hakuna mtandao, na hakuna aliyeandikwa baada yake.

Tamko la awali lenyewe liwe fupi, kama hili:

"Karatasi inayozunguka jioni hii kuhusu malipo ya mnada wa 3 haikutolewa na ofisi yetu. Tunahakiki na benki sasa hivi. Taarifa kamili: leo saa 2:30 usiku, hapa hapa. Mkulima, kabla hujauza mzigo piga simu ofisini." Malizia kwa namba ya ofisi na tarehe.

Kuna masharti mawili. Usiandike "haikutolewa na ofisi yetu" kabla hujampigia aliyeshika rejesta ya barua zinazotoka. Imeshawahi kutokea, katika ofisi nyingi, karatasi "ya uongo" ikaonekana baadaye ni rasimu halisi iliyovuja. Na saa 2:30 ikifika, toka na kitu, hata kama ni kusema "benki bado haijajibu, tutarudi kesho saa 2 asubuhi". Ukiikosa ahadi hiyo, tamko lote linageuka karatasi ya pili ya uongo.

Ikibidi kuionyesha ile karatasi, piga maneno SI KWELI makubwa, mekundu, juu ya picha yenyewe, yakatize katikati ya maandishi. Usiyaweke kwenye maelezo ya chini wala pembeni, kwa sababu picha ikisambazwa maelezo hubaki nyuma, na pembe hukatwa.

Sasa WhatsApp, maana huko ndiko waliko watu wako. Jenga njia mbili. Ya kwanza ni kikundi cha makatibu na wenyeviti wa AMCOS (vyama vya msingi vya wakulima vilivyo chini yenu), kilichowekwa mpangilio wa wasimamizi pekee kutuma ujumbe. Kikundi kinabeba hadi watu 1,024, kwa hiyo nafasi si shida. Shida ni kukiacha wazi, kikajaa salamu za Ijumaa na bahati nasibu mpaka siku ya uvumi hakuna anayekifungua. Njia ya pili ni chaneli kwa ajili ya wakulima wote. Kwenye chaneli mfuasi haoni namba ya mwenzake. Kikundi cha wakulima wote, kinyume chake, ni daftari la simu la bure kwa yeyote anayetaka kuwapigia wakulima usiku kuwaambia "bei imeshuka". Orodha ya kutangazia, ile inayoishia watu 256, isikuvutie sana: ujumbe wake humfikia tu mtu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Maofisa wengi hutuma, wakaona tiki moja, wakadhani mtandao uko chini.

Watumie makatibu ujumbe wa awali kila mmoja kutoka kwako, usitegemee mnyororo. Ujumbe ukishapita mikono mitano, WhatsApp huupa alama ya kuwa umesambazwa mara nyingi na kuruhusu upelekwe kwa mazungumzo mamoja tu kwa wakati. Huko mbele unakwenda kwa kuchechemea, na alama ile yenyewe huwatia watu shaka.

Pamoja na maandishi, tuma sauti ya sekunde 40 hadi 60. Anza kwa kutaja tarehe na saa, halafu cheo chako na chama, ndipo habari. Sauti ikishasambazwa haina tarehe. Usipoitaja mwenyewe, kanusho la Novemba litachezwa Januari na kuzua uvumi mpya.

Wenye kiswaswadu, simu ya vitufe isiyo na WhatsApp, wanataka SMS, na hapa kuna mtego unaokula fedha kimyakimya. SMS moja ina herufi 160, lakini ni kwa herufi za kawaida tu. Ukiandika kwenye Word kisha ukanakili, alama za nukuu hupindishwa, kistari kinarefushwa, na koma ya juu katika neno kama ming'oko hujikunja. Alama moja tu ya hivyo inatosha kuufanya ujumbe wote uhesabiwe kwa herufi 70 badala ya 160. Ukizidi hapo unagawanywa vipande vya herufi 67. Ujumbe wako wa herufi 150, uliotakiwa kulipiwa mara moja, unalipiwa mara tatu. Kwa wakulima 12,000 hizo ni SMS 36,000. Andikia kwenye programu ya maandishi ya kawaida, hakikisha kihesabu cha mfumo kinasoma SMS moja, ndipo utume.

Msiichukulie SMS na redio jamii kama za zamani. Mei 2024 barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika Somanga, na mwezi huohuo, tarehe 12, nyaya za intaneti za baharini zikakatika na mitandao ikadorora nchi nzima. Ofisi iliyokuwa na Facebook peke yake ilikuwa bubu.

Hayo ni ya dharura. Ya kila siku, ambayo ndiyo yatakayokujenga, yanaanza na daftari. Kwa siku 30 usibuni bango lolote jipya. Andika kila swali linaloingia, kutoka kwenye komenti, inboksi, WhatsApp, simu ya mapokezi na dirishani: tarehe, limetokea wapi, maneno yenyewe kama alivyoyasema mtu, nani alijibu, ilichukua muda gani. Mwishoni utakuta maswali saba au manane yanarudi kila siku kwa sura tofauti. Pesa zangu lini. Mbona kilo zimepungua ghalani. Korosho za daraja la pili maana yake nini. Salfa, dawa ya mikorosho, inafika lini. Hayo ndiyo maudhui yako ya miezi mitatu, na hakuna kozi ya viatu itakayokupa.

Kwa kila swali andika jibu la sentensi tatu, lihakikiwe na mhusika (mhasibu, mtunza ghala, afisa pembejeo), kisha liweke kwenye majibu ya haraka ya WhatsApp Business, ambayo yanabeba hadi 50. Ukipiga mkwaju na neno fupi, /malipo kwa mfano, jibu linakuja. Ila usilibandike kavu. Ongeza jina la mtu na AMCOS yake mwanzoni. Watu kumi wakibandikiwa jibu lilelile chini ya chapisho moja, wa kumi na moja anakuita roboti, na hapo ana haki yake.

Kuhusu bango la bei, hapa tuzame kidogo, maana ndilo litakalosambazwa kuliko kitu kingine chochote mtakachotoa mwaka mzima. Tengeneza kiolezo kimoja, pikseli 1080 kwa 1350, kinachochukua sehemu kubwa ya kioo cha simu iliyosimama na kufaa Facebook na Instagram. Ndani yake: namba ya mnada na msimu, tarehe, ghala au eneo, jumla ya kilo zilizouzwa, bei ya juu, bei ya chini. Tarehe iwe ndani ya picha, kwa herufi zisizopungua nusu ya ukubwa wa bei. Sababu unaijua: Oktoba 2024 bei za minada ya kwanza zilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na skrinishoti za wakati ule zinaweza kuzunguka mpaka leo. Mkulima akiletewa ile ya zamani asubuhi na yako mchana, anaona ameibiwa.

Na msitari mmoja ambao mabango mengi hayana: "Bei hizi ni kabla ya makato." Mkulima akisoma bei ya mnada anaizidisha kwa kilo zake papo hapo, tena kwa kichwa. Fedha ikiingia benki ikiwa pungufu, hana neno lingine isipokuwa wizi. Basi toa bango la pili, lililotulia, linaloonyesha kila kato kwa kilo: linakwenda wapi, kwa idhini ya mkutano gani au mwongozo gani, na mfano wa mkulima wa kilo 500 kuanzia bei ya mnada mpaka kiasi kitakachosoma kwenye simu yake. Libandike juu kabisa ya ukurasa kabla ya Oktoba. Litakuletea komenti kali wiki ya kwanza. Zijibu, usizifute. Futa matusi ya nguoni, namba za simu za watu na matangazo ya mikopo, hasira iache.

Picha za meza kuu hutaziondoa, na usijaribu. Mpe meneja albamu moja kila Ijumaa, picha zisizidi sita, ila maelezo yaanze na kilichoamuliwa. "Bodi yakutana" haina msomaji. "Magunia yataanza kugawiwa Septemba 10" ina msomaji, na picha yake ni ya gunia, si ya chupa za maji mezani. Futa lenzi kabla ya kupiga, maana vumbi la ghala na mvuke wa bahari hufanya picha iwe na ukungu. Piga kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni, jua la mchana linawatia watu kivuli usoni chini ya kofia. Hilo linatosha kuhusu picha.

Video ziwe za kusimama, sekunde 30 hadi 45, zenye maandishi chini kwa sababu wengi hutazama bila sauti. Nunueni maiki ndogo ya kubana kwenye kola yenye sifongo lake. Upepo wa Mikindani ukigonga maiki ya simu, maneno yote hupotea, na hilo huwezi kulirekebisha baadaye.

Mubashara ya mnada tunaomba uifikirie mara mbili. Kurusha picha ya kiwango cha 720 vizuri kunahitaji karibu megabiti 4 kwa sekunde za kupandisha, yaani kama GB 1.8 kwa saa, na kipimo cha mtandao ukifanye palepale uwanjani, watu wakiwa wamejaa. Asubuhi uwanja ukiwa mtupu kitakudanganya. Facebook inataka ukurasa uwe na wafuasi 100 na akaunti iwe na siku 60, hilo mnalo. Tangu Februari 2025 video za mubashara hufutwa baada ya siku 30, kwa hiyo zipakue mapema. Lakini tatizo kubwa si la mitambo. Matangazo yakikatika sekunde bei inaposomwa, hakuna atakayeamini kwamba ni mtandao. Watasema mmekata makusudi. Mpaka mtakapokuwa na laini mbili za mitandao tofauti na mtu wa pili wa kusaidia, rekodi kwa simu, toa bei kwa maandishi ndani ya dakika kumi, video ifuate.

Usalama wa akaunti wengi huuweka mwisho. Mei 2025 hata akaunti ya X ya Jeshi la Polisi ilivamiwa na kuchapishiwa uongo, basi msijione wadogo mno kuvamiwa. Fungua mipangilio ya ukurasa wenu uangalie nani ana udhibiti kamili. Mara nyingi ni kijana wa mafunzo kwa vitendo aliyeufungua kwa akaunti yake binafsi, akaondoka. Wanaotakiwa ni watu wawili, wote watumishi, wote wenye uthibitisho wa hatua mbili. Wengine wapewe kazi tu: kujibu, kupanga machapisho. Namba ya WhatsApp iwe laini iliyosajiliwa kwa jina la chama. Kama ni yako, siku ukihamishwa wakulima wote watahama nawe.

Sheria mbili tu za kukumbuka kila siku. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inagusa ile tabia ya kupiga picha orodha ya malipo yenye majina, kilo na namba za akaunti na kuitupa kikundini ili "wakulima wajionee". Acha kabisa; mtumie kila katibu ya kwake, naye amwonyeshe mkulima mstari wake. Ya pili ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo ofisi hupenda kuitaja mwishoni mwa kanusho: "hatua kali zitachukuliwa". Aliyeghushi haogopi mstari huo. Anayeogopa ni mkulima aliyesambaza kwa wasiwasi, na ndiye unayemhitaji akutumie uvumi ujao mapema. Yaliyo ya polisi yapelekwe polisi, kimya.

Sasa mkubwa wako na 50,000 yake. Usimwambie haiwezekani. Mpe hesabu. Kama kikao cha bodi kiliwafikia watu 600 na kupata laiki tisa, ushiriki ni 9 gawanya kwa 600, asilimia 1.5. Tuseme bango la bei limewafikia 6,000, likapata laiki 90, komenti 150, likasambazwa mara 300: hizo ni 540, asilimia 9, kwa wafuasi walewale 4,100. Kisha muulize wanachama wenu wote ni wangapi. Wakiwa 20,000, wengine 30,000 watatoka wapi? Watatoka kwa wauza wafuasi, akaunti zisizosoma chochote. Chapisho likionyeshwa kwao bila kuguswa, mtandao huliona halina mvuto na kuacha kulipeleka kwa wakulima halisi. Mwahidi vitu vinne badala yake, kwa ukurasa mmoja kila mwezi: maswali yaliyoingia na yaliyojibiwa, muda wa kujibu, ambao lengo lake ni chini ya saa mbili saa za kazi, idadi ya waliofikiwa na bango la kila mnada, na dakika zilizopita kati ya uvumi na tamko. Hiyo ya mwisho andika na ya msimu uliopita pembeni: saa 21. Hahitaji maelezo zaidi.

Kijana wa TEHAMA mwombe kabla hujanyang'anywa. Akufundishe kukata video na kuweka maandishi, saa moja kila Jumatano; wewe mfundishe kwa nini neno "kusitishwa" na neno "kuchelewa" haviwezi kubadilishana kwenye taarifa ya fedha. Anayeijua TikTok bila kujua hilo ni hatari, na wewe bila yeye utaendelea kuposti karatasi za A4. Miaka 41 haihusiani na jambo hili hata kidogo. Miaka 14 inahusiana sana.

Kozi ya viatu usiitupe yote. Chukua sehemu za kusoma takwimu na kupanga machapisho. Meta Blueprint, mafunzo ya mtandaoni ya wenye Facebook, ina masomo ya bure. Anza na usalama wa ukurasa na Meta Business Suite (zana ya kusimamia kurasa za Facebook na Instagram), saa mbili kwa wiki zinatosha. Mazoezi halisi unayo mlangoni: minada ya ufuta na mbaazi inatangulia korosho. Ifanye uwanja wa majaribio. Kiolezo cha bei kijaribiwe kwenye ufuta, makosa yake yaonekane huko, na mara moja kabla ya Oktoba andaa zoezi la uvumi wa kubuni, ukiuweka kwa wenzako watano tu ofisini na si penginepo, mpime mnachukua dakika ngapi kutoka simu ya kwanza mpaka makatibu kupokea.

Pamoja na karatasi ya idhini peleka maombi ya vifaa: simu moja ya ofisi, laini mbili, bando la kila mwezi, maiki, betri ya akiba. Akisita kusaini lile la idhini, usibishane naye kuhusu mitandao. Muulize tu: karatasi ya uongo ikitoka Ijumaa saa moja usiku, nimpigie nani, na asipopokea nimpigie nani wa pili? Jibu atakalokupa liandike palepale, mbele yake, umpe kalamu.